Elimu ya Kazi kwa Watu Wazima (Tabora)

Elimu ya kazi kwa watu wazima ni mafunzo ya Kiingereza cha ofisini, hesabu za biashara na mbinu za utafiti yanayotolewa kwa watu ambao tayari wana ajira, duka au shamba. Katika Mkoa wa Tabora, mjini na hata katika kata za vijijini kama Ziba wilayani Igunga, wanafunzi wa aina hii wana shida moja inayofanana. Sokoni wanazungumza Kiswahili, Kinyamwezi na Kisukuma, lakini wakitaka kupanda cheo au kusoma chuo kikuu wanakutana na karatasi za Kiingereza.

Hali haikuwa hivyo zama za misafara. Katika karne ya 19 njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilikuwa na mikopo, mishahara ya wapagazi na ubia wa pembe za ndovu, na Wanyamwezi hawakuwa wapagazi tu: wengine waliongoza misafara yao wenyewe hadi pwani. Kiingereza kilikuja kuwa ufunguo wa ofisi chini ya utawala wa Waingereza, baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Mfano wa mwanzo unaostahili kukumbukwa zaidi ni wa Julius Nyerere. Aliporudi kutoka Makerere mwaka 1945 alipewa nafasi katika shule mbili za Tabora, ile ya serikali na St Mary's ya misheni. Akachagua St Mary's ingawa mshahara wake ulikuwa mdogo. Baada ya saa za shule aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mjini bila malipo, na alizungumza nao kuhusu siasa. Kwa muda mfupi pia alikuwa mkaguzi wa bei wa serikali, akipita madukani kuangalia wanachotoza wauzaji, kisha akaiacha kazi hiyo kwa sababu wakuu hawakushughulikia taarifa zake za bei za udanganyifu. Lugha, biashara na uchunguzi vilikutana hapo kwa mtu mmoja, miaka michache kabla hajaenda kusoma Edinburgh mwaka 1949.

Baada ya uhuru kipaumbele kilikuwa kisomo. Mwaka 1967 watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma; mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha wasiojua kusoma kuwa chini ya asilimia 10. Kazi hiyo kubwa ilifanywa kwa Kiswahili, na ndivyo ilivyostahili. Kiingereza kilibaki lugha ya sekondari, na aliyeishia darasa la saba akabaki nje ya mlango huo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilisaidia kwa masomo ya posta. Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho sasa ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, kilifundisha uchapaji, hatimkato na utunzaji wa kumbukumbu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilimwezesha mwalimu au karani kutafuta shahada bila kuacha kazi.

Somo la biashara ndilo jepesi kuanzisha, kwa kuwa mwanafunzi huja na mfano wake. Katibu wa chama cha msingi cha ushirika anayepokea pamba anajua mzani, stakabadhi na malipo. Anachokosa mara nyingi ni daftari linalotenganisha fedha ya chama na ya mfukoni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na darasani msemo huo huchukua sura ya safu mbili, mapato na matumizi.

Utafiti ni mgumu zaidi. Mwanafunzi huandika pendekezo kwa Kiingereza, hutafsiri hojaji kwa Kiswahili, na akifika kwa mfugaji huenda akalazimika kuuliza kwa Kisukuma. Mfugaji akiulizwa ana ng'ombe wangapi anaweza kupunguza idadi, kwani swali hilo linafanana na la mtoza kodi. Kwa hiyo mwalimu mzuri hufundisha kwanza namna ya kujitambulisha, kuomba ridhaa na kuuliza kwa kuzunguka: wanaokamuliwa, wanaochungwa mbali, waliokopeshwa ndugu. Kukokotoa wastani hufuata baadaye. Anayeanza na fomula hupata majedwali safi yaliyojaa majibu ya uongo.

Kiingereza nacho hushika haraka kikifungwa kwenye karatasi ambayo mtu ataiandika kesho yake: barua ya maombi, muhtasari wa kikao, taarifa ya mwezi. Ratiba nayo hufuata mvua. Kuanzia Novemba watu wako shambani, hivyo kwa mkulima miezi ya kiangazi, pamba ikishauzwa na ada ikiwa mkononi, ndiyo inayofaa.