Krapf na Neno "Mwanafunzi"

Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, azma yake ikiwa kuwafanya watu wanafunzi wa Kristo. Mwezi Juni mwaka uo huo alianza kufasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Na aliyemsaidia, jambo ambalo wengi wetu hulipita upesi mno, alikuwa Sheikh Ali, kadhi wa Mombasa. Kwa hiyo mwinjilisti mwenyewe alitangulia kuwa mwanafunzi, tena wa Mwislamu. Maneno dini, injili, sala na mtume yalikuwa ya Waislamu kabla ya kuingia kanisani. Lakini Mtume wa msikitini ni mmoja, na mitume wa kanisani ni kumi na wawili. Kamusi ya Krapf ilichapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Jina la kadhi halimo jaladani.