Msasa

Msasa kwa asili ni mti, jamaa ya mkuyu, ambao majani yake hukwaruza kiasi cha kuwa maseremala wa pwani, kabla ya karatasi za dukani kuenea, wakiyatumia kusugulia mbao zilizokwisha kupigwa randa. Na karatasi yenye punje ngumu ilipokuja ikarithi jina hilo, nami naona ilistahiki. Siku hizi hata mswada husemwa kuwa umepigwa msasa.

Mwenye azma ya kuhuisha nyumbani kasha la spika kongwe, mathalani AR-3 iliyotolewa na Acoustic Research ya Massachusetts mwaka 1958, hana budi kulizingatia neno hili, kwa kuwa uso wa kasha la namna ile aghlabu si ubao mzima bali ni utando wa mti wa jozi, usiofika hata milimita 1, uliogandishwa kwa gundi juu ya mbao za thamani ndogo, na ukitoboka, haurudi. Aanze na msasa wa namba 180 na amalizie na 220, maana namba ikizidi ndipo punje huwa laini. Asugue kwa mkono, taratibu, akifuata ulalo wa nyuzi za mti, wala asizikate kamwe. Kisha apake mafuta ya kitani kwa kitambaa, na kitambaa hicho, tafadhali, asikikunje akakitupa pembeni, kwani huzalisha joto na kuwaka chenyewe: akitandaze nje kikauke.