Nyangumi na Turkana, wapi na wapi?

Hilo swali si langu. Aliniuliza mhariri wangu mmoja wa zamani nilipompelekea wazo la kuandika habari ya nyangumi wa Turkana. Aliniangalia kama mtu aliyepitiwa na jua, akarudi kwenye kompyuta yake. Habari ikafia pale. Basi naiandika hapa, ambapo mhariri ni mimi mwenyewe.

Nikiri kwamba kuuliza alikuwa na haki. Kule ni jua, mchanga, miiba, mbuzi na ngamia. Kutoka Loperot, kusini-magharibi mwa Ziwa Turkana, hadi ufukwe wa Bahari ya Hindi ni kilomita 740 hivi. Ukisimama pale uko mita 620 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo ni hapo hapo, mwaka 1964, kijana wa Kimarekani James Mead alipokuta kipande cha fuvu la nyangumi, kimeshageuka jiwe.

Nyangumi mwenyewe ni wa ukoo wa wale wenye mdomo mrefu uliochongoka. Mfikirie chuchunge aliyekua akapitiliza mpaka kufika mita 7 hivi. Hawa ni wanyama wa bahari kuu, mabingwa wa kuzamia kina kirefu. Mead aliandika makala ya kitaalamu juu yake mwaka 1975, na baadaye akawa mtafiti wa nyangumi katika taasisi ya Smithsonian kule Washington.

Halafu mfupa ukapotea!

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtaalamu mwingine wa Kimarekani, Louis Jacobs, alikuwa akifanya kazi katika makumbusho ya taifa jijini Nairobi. Akaisoma ile makala, akataka kuuona mfupa. Akatafuta, hakuuona. Akaendelea kuuulizia huku na kule kwa takriban miaka 30, hadi mwaka 2011 ulipopatikana Marekani, katika Chuo Kikuu cha Harvard. Hebu fikiria: mfupa umetoka Turkana, anayeutaka yuko Nairobi, kumbe wenyewe umetulia ng'ambo ya Atlantiki miaka yote hiyo. Sidhani kama kuna aliyeuficha. Ukishawekwa rafuni na kila aliyejua ulipo akahamia kwingine, imetosha. Lakini nakereka, sitaki kudanganya. Na ukisikia hesabu iliyokuwa imelala ndani ya mfupa ule, nadhani nawe utakereka.

Tuanze na swali la mhariri: alifikaje? Mfupa una miaka milioni 17, na mahali ulipokutwa palikuwa pa mto, si pa bahari. Maana yake mnyama aliingia mtoni akapotea njia, akaogelea kwenda bara mpaka akafa. Ni jambo linalotokea hata leo. Januari 2006 nyangumi wa ukoo huo huo aliingia mto Thames mpaka katikati ya London, kamera zote za dunia zikimtazama, akafa wakati wanajaribu kumrudisha baharini. Mifupa yake imehifadhiwa na makumbusho ya mambo ya asili ya jiji hilo.

Sasa hesabu. Nyangumi hapandi maporomoko. Kama huyu wa Turkana alisafiri mamia ya kilomita kuelekea bara, basi mto ulikuwa mpana, wenye kina, na ardhi yake karibu tambarare. Wanasayansi, Henry Wichura na Jacobs wakiwamo, walilinganisha na mito mikubwa ya sasa ambayo wanyama wa baharini huipanda, wakapata kwamba siku nyangumi yule anakufa, Loperot ilikuwa mita 24 hadi 37 tu juu ya bahari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Toa hizo katika mita 620 za leo: ardhi ya pale imenyanyuka karibu mita 590, na mnyanyuko huo ulianza baada ya nyangumi, si kabla. Kwa muda mrefu wataalamu walikuwa wakibishana ni lini hasa nyanda za juu za Afrika Mashariki zilianza kupanda. Mawe ya volkano yalitoa majibu ya kukisia. Fuvu moja likaweka tarehe.

Kunyanyuka kwa ardhi ile si habari ya mawe peke yake. Nyanda zilivyopanda zilibadili njia ya upepo na mvua, nchi ikakauka, misitu ikapungua na mbuga za nyasi zikatanda. Ni katika mazingira hayo wataalamu wanayatafuta maelezo ya kwa nini mababu zetu walianza kutembea kwa miguu miwili. Turkana hiyo hiyo ndiyo iliyotoa mifupa mingi ya mababu hao.

Ndugu zangu wa Lamu, Pemba, Mafia na Mtwara, nina ombi. Nyangumi hukwama fukweni mara kwa mara, watu wakaja kushangaa, wakapiga picha, kisha kimya. Mifupa ile huishia wapi? Kama kuna mahali imewekwa, kwenye shule, msikiti au uani kwa mtu, niambieni ni wapi na aliikuta nani, mwaka gani. Nitaandika.