Njia ya Kuuzunguka Ukuta wa Abbe

Anayetaka kuifuata njia hii aanzie Jena, Ujerumani. Kwenye chuo kikuu cha mji huo lipo jiwe la kumbukumbu la Ernst Abbe, na kilichochongwa juu yake si sifa za marehemu, ni hesabu. Abbe, mwanafizikia aliyeshirikiana na mtengeneza hadubini Carl Zeiss, alitangaza mwaka 1873 kwamba vitu viwili vikikaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga vitaonekana kimoja, hata ukiisugua lenzi mpaka kiama. Hiyo ni kama nanomita 200. Bakteria utamwona, protini zilizo ndani yake zitabaki ukungu mtupu. Hadubini ya elektroni ilikuja baadaye ikaona vidogo zaidi, ila katika seli zilizokwisha kufa.

Kutoka Jena njia inakwenda Turku, Ufini. Huko, Jumamosi moja asubuhi mwaka 1993, Stefan Hell, mzaliwa wa Romania aliyesomea Heidelberg, alikuwa akipekua kitabu cha fizikia ya mwanga. Akashtukia jambo: molekuli inayong'aa inaweza kuzimwa kwa mwanga vilevile. Mwale wa kwanza uziwashe molekuli. Wa pili, wenye umbo la pete, uzizime za pembeni. Zinazobaki ziking'aa ni chache za katikati, nawe unaisogeza miale hatua kwa hatua mpaka picha itimie. Wazo lilichapishwa 1994, lakini picha za kuwaridhisha wabishi zilitoka Göttingen mwaka 2000. Kwangu hapa ndipo patamu: Abbe hakukosea hata kidogo. Ukuta wake upo palepale, Hell aliuzunguka.

Marekani, Eric Betzig alikuwa ameipa sayansi kisogo, akafanya kazi katika kampuni ya mashine ya baba yake huko Michigan. Mwaka 2005, yeye na rafiki yake Harald Hess, wote wakiwa hawana ajira, waliunda hadubini sebuleni kwa Hess, La Jolla. Walitumia protini ya George Patterson na Jennifer Lippincott-Schwartz, inayoweza kuwashwa kwa kuamriwa. Ni kama taa za mtaa: ukizitazama usiku kutoka mlimani huwa doa moja. Zikiwashwa chache chache kwa zamu, kila moja utaipata kitovu chake na kuiwekea nukta. Nukta zikijaa, picha hiyo.

Nobel ya Kemia ya 2014 iliwaendea Hell, Betzig na William Moerner, aliyeigundua molekuli moja pekee kwa mwanga mwaka 1989. Mimi ningemwongeza Xiaowei Zhuang wa Harvard, ila tuzo hiyo haigawanywi kwa zaidi ya watu watatu. Mwaka 2013 kundi lake lilionyesha kwamba mkia mrefu wa seli ya neva umezungushiwa pete za protini iitwayo aktini, moja hadi nyingine nanomita 190 hivi. Kumi tu chini ya kikomo! Ndiyo maana wataalamu wa neva walizipita miaka yote hiyo. Kinachozitenganisha pete hizo ni spektrini, protini iliyokuwa ikijulikana zamani katika chembe nyekundu za damu.