Chenga za metali katika oili ya injini iliyoongezwa nguvu

Chenga za metali ni vipande vidogo vinavyobanduka kwenye sehemu za injini zinazosuguana, vikachukuliwa na oili hadi kwenye sampu, yaani bakuli la chini linalohifadhi oili hiyo, au vikanaswa na filta. Kila injini hulika kidogo kidogo, na oili iliyotumika haikosi unga wa metali usioonekana kwa macho. Chenga ni zile zinazometameta oili inapomulikwa tochi, au zinazokwaruza vidole inapopekechwa. Katika injini iliyoongezwa nguvu, ambayo mgandamizo wa turbo umepandishwa au programu ya kompyuta yake imebadilishwa, dalili hiyo huchukuliwa kwa uzito zaidi, kwa sababu sehemu zilizoundwa kwa mzigo wa kiwandani hubebeshwa mzigo mwingine.

Asili na sababu

Chanzo kinachohofiwa kuliko vyote ni beringi za konrodi na za krankishafti. Beringi hizi hazina gololi. Kila moja ni jozi ya nusu duara zinazoikumbatia shingo ya krankishafti, na baina yake na shingo hiyo hupita utando wa oili katika nafasi ya sehemu chache tu za mia za milimita. Beringi ya tabaka tatu ina mgongo wa chuma, tabaka la kati la shaba na risasi, na gamba laini la juu la risasi na bati lenye unene wa mikroni 20 hivi. Utando wa oili ukikatika, gamba hilo hulika kwanza na shaba hufuata, ndiyo maana chenga za kijivu hutangulia na zile za rangi ya shaba huonekana uharibifu ukiwa umekwenda mbali.

Utando huo hukatika kwa njia kadhaa. Mchanganyiko wa hewa na petroli unapojilipukia wenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio, kila mlipuko huishindilia beringi kama nyundo. Petroli ikizidi, baadhi yake huteremka kwenye kuta za silinda na kuipunguza oili uzito. Na gari likikata kona kwa kasi, oili hukimbilia upande mmoja wa sampu, pampu ikanyonya hewa.

Injini za Subaru za familia ya EJ, hasa EJ20 ya turbo yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,994, ni mfano mzuri. Silinda zake nne zimelala mbilimbili zikielekeana, na krankishafti yake ni fupi, hivyo beringi zake ni nyembamba. Bomba linalonyonya oili kutoka kwenye sampu limejulikana kupata ufa na kuvuta hewa, na katika matoleo kadhaa kichujio kidogo kilichomo kwenye bolti ya njia ya oili ya turbo huziba, turbo ikakaukiwa na kumwaga chenga zake yenyewe.

Uchunguzi wa macho na sumaku

Chenga zikionekana, injini huzimwa na haiwashwi tena hadi chanzo kijulikane. Oili humwagwa ikiwa vuguvugu kwenye chombo safi, ikipitishwa katika kitambaa kisichotoa nyuzi. Ujiuji mweusi ulioganda kwenye sumaku ya nati ya kumwagia oili ni jambo la kawaida, hasa kwa injini mpya ambayo ringi zake bado zinajilaza kwenye silinda. Kipande chenye umbo la sindano au ganda si cha kawaida.

Filta hufunguliwa kwa kikatio chenye gurudumu, kwa maana msumeno huingiza chenga zake na kuharibu ushahidi. Karatasi ya ndani hukatwa, hubanwa kwenye jiliwa hadi oili itoke, kisha hukunjuliwa juani. Ikumbukwe kwamba filta ina vali ya dharura ambayo hufunguka inapoziba au oili ikiwa nzito kwa baridi, na hapo oili isiyochujwa huzunguka injini nzima.

Sumaku hutenga chuma, ambacho kwa kawaida hutoka kwenye kamshafti, ringi, kuta za silinda au pampu ya oili, na metali nyingine. Shaba hujulikana kwa rangi, na risasi kwa ulaini wake. Alumini hutoa mapovu na kuyeyuka katika maji ya kostiki soda, kipimo kinachohitaji glavu na miwani. Hata hivyo, alumini peke yake haitoshi kuilaumu pistoni, kwa sababu beringi nyingi za kisasa hutengenezwa kwa alumini na bati. Vilevile shaba inaweza kutoka kwenye bushi za turbo. Fundi asiyejua ni beringi gani zilizofungwa hubaki akikisia.

Maabara na uthibitisho

Maabara hupima metali katika oili kwa sehemu kwa milioni. Silikoni huashiria vumbi au gundi ya gasketi, na sodiamu au potasiamu huashiria maji ya rejeta. Kipimo hicho hakioni vizuri chembe zinazozidi mikroni chache, hivyo injini inayobomoka haraka inaweza kupata ripoti nzuri ilhali filta yake imejaa chenga.

Kama injini ilikuwa tayari inanoki kabla ya kuzimwa, na mlio ukapungua silinda fulani ilipokatiwa moto wa plagi, konrodi ya silinda hiyo ndiyo hushukiwa kwanza. Uthibitisho wa mwisho hupatikana kwa kufungua na kupima: nusu ya juu ya beringi ya konrodi, inayopokea nguvu ya mlipuko, ndiyo hukaguliwa kwanza, na mchezo wa shafti ya turbo hupimwa pia.

Uamuzi

Kubadilisha oili na kuisafisha injini kwa dawa si tiba, kwa kuwa chenga hubaki kwenye turbo, kwenye mifereji ya oili na kwenye kipoza oili, ambacho hubadilishwa kwa sababu ni vigumu kukisafisha kikamilifu. Krankishafti hupimwa, vizibo vya mifereji hutolewa na mifereji ikapigwa brashi, na programu ya injini hurekebishwa kabla ya gari kurudi barabarani. Injini iliyofungwa beringi mpya bila kuondolewa kilichoziua zile za kwanza itaziua na hizo.