Vumbi, Simbilisi na Mkataba wa 1936

Tunapofika kwenye historia ya magonjwa ya kazini, wanafunzi wangu hudhani kwamba watu wa zamani hawakujua. Nami huwaelekeza Saranac.

Mwaka 1927 tabibu Mwingereza, W. E. Cooke, aliupa jina ugonjwa wa kovu la mapafu uletwao na vumbi la asbesto: asbestosi. Nyuzi zikivutwa kwa pumzi hunasa ndani kabisa ya pafu. Mwili hujaribu kuzizingira, na mahali hapo hugeuka kovu gumu lisilotanuka. Kwa binadamu hayo huchukua miaka mingi. Ndiyo maana Leroy Gardner, mkuu wa maabara ya Saranac, jimbo la New York, aliwavutisha vumbi hilo simbilisi, sungura na panya, apate kuliona kovu likijengeka hatua kwa hatua.

Fedha zilitoka viwandani. Mwaka 1936 kampuni za asbesto, Johns-Manville ikiwa mstari wa mbele, zilikubali kumfadhili kwa sharti kwamba matokeo yawe mali yao, yasichapishwe bila ridhaa yao. (Atiaye saini mkataba wa utafiti leo asome kifungu cha umiliki kabla ya kifungu cha posho.)

Mwaka 1943 Gardner aliwaarifu wafadhili jambo ambalo hakuwa amelitafuta: katika kundi la panya 11 waliovuta nyuzi ndefu, asilimia 81.8 walipata saratani ya mapafu. Hakulitia chumvi. Alikiri kwamba huenda panya wale walikuwa wa ukoo unaopata saratani kwa urahisi, na kwamba jaribio lilihitaji kurudiwa pamoja na kundi la kulinganishia. Aliomba fedha za serikali ili alirudie, akanyimwa. Alifariki mwaka 1946.

Ripoti ilitoka mwaka 1951 kwa majina ya wenzake. Makovu yalielezwa kwa kirefu. Saratani haikutajwa, kwa kuwa kampuni ziliagiza iondolewe. Shaka ya Gardner kuhusu ukoo wa panya ilikuwa halali kisayansi, lakini ilistahili kujadiliwa hadharani, mbele ya wale waliokuwa wakilivuta vumbi hilo kila siku kazini.

Mwaka 1955 Richard Doll alionyesha kwamba wafanyakazi wa muda mrefu katika kiwanda kimoja cha asbesto Uingereza walikuwa na hatari ya saratani ya mapafu takriban mara 10 ya watu wengine. Naye kampuni ilijaribu kumzuia asichapishe. Alichapisha.