Muziki, Akili na Hekima: Mafunzo ya Bwami na Lugha ya Ngoma katika Bonde la Lualaba

1.0 Utangulizi

Mwaka 1993, Frances Rauscher na wenzake wawili walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio lililofanyiwa wanafunzi 36 wa chuo kikuu nchini Marekani. Baada ya kusikiliza sonata ya Mozart kwa dakika 10, wanafunzi hao waliyajibu maswali ya kuwaza maumbo vizuri zaidi kuliko baada ya kukaa kimya. Faida hiyo ilidumu kwa muda wa kama robo saa tu. Hata hivyo, kutokana na habari hiyo ndogo ilizuka imani kubwa kwamba muziki huongeza akili. Mwaka 1998, Zell Miller, gavana wa jimbo la Georgia, aliomba fedha za serikali ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe rekodi ya muziki wa aina hiyo.

Kusikiliza muziki ni jambo moja, na kufunzwa muziki ni jambo jingine. Makala haya yanashughulikia hilo la pili, kwa kuangalia jamii mbili za bonde la mto Lualaba. Hoja inayotetewa ni kwamba thamani ya mafunzo ya muziki haimo katika kuikuza akili kwa jumla, bali katika maarifa yanayobebwa na muziki wenyewe.

2.0 Bwami: shule ya nyimbo

Katika wilaya ya Pangi, upande wa mashariki wa Kindu, wanaishi Walega, ambao wengine wao wako Shabunda na Mwenga katika Kivu ya Kusini. Elimu yao ya juu ilitolewa na chama cha Bwami. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti miongoni mwao katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu cha Lega Culture mwaka 1973, ameeleza kuwa chama hicho kilikuwa na madaraja yaliyopandwa moja baada ya jingine, hadi lile la juu kabisa liitwalo kindi. Wanawake nao walikuwa na madaraja yao, yaliyoambatana na yale ya waume zao.

Mafunzo yalitolewa kwa methali zilizoimbwa na kuchezwa, huku vitu mbalimbali vikionyeshwa: vinyago vya pembe, midomo ya hondohondo, magamba ya kakakuona. Kakakuona huhesabiwa na Walega kuwa ndiye aliyewafundisha wanadamu kuezeka nyumba, kwa namna magamba yake yanavyopandana. Hivyo basi, kitu kilimkumbusha mwanafunzi methali, na wimbo pamoja na hatua za mchezo vikaifunga methali hiyo katika kumbukumbu. Aidha, kitu kimoja kiliweza kubeba maana zaidi ya moja kulingana na muktadha wake. Haikutosha kukariri, ilimpasa mtu atambue ni maana ipi iliyokusudiwa.

La kuzingatiwa ni kwamba kuimba vizuri peke yake hakukumpandisha mtu daraja. Alihitaji pia mwenendo mwema, mali na msaada wa ndugu zake. Walega, kwa maneno mengine, hawakudai kwamba wimbo humtia mtu akili. Wimbo ulikuwa chombo. Hekima ndiyo iliyokuwamo ndani yake.

Mwaka 1948 utawala wa Kibelgiji ulikipiga chama hicho marufuku. Watawala waliona chama cha siri. Walega walifungiwa shule.

3.0 Ngoma inayosema

Ukiufuata mto kutoka Kindu, kupitia Ubundu na maporomoko ya maji, unafika Kisangani, na karibu nayo Yakusu. Hapo ndipo John Carrington, mmisionari Mwingereza, alipochunguza ngoma za mti za Walokele, na mwaka 1949 akachapisha kitabu cha Talking Drums of Africa. Lugha yao, Kikele, ina toni mbili, ya juu na ya chini. Ngoma nayo ina sauti mbili, hivyo huweza kuiga toni za maneno, lakini si konsonanti wala irabu. Neno la “mwezi” na neno la “kuku” yana toni zilezile, na kwenye ngoma hayatofautiki. Kwa sababu hiyo kila neno hupewa maelezo marefu yaliyozoeleka, ambayo mfuatano wake wa toni hauwezi kuchanganywa na mwingine.

Kwa hiyo kujifunza ngoma kulikuwa kujifunza isimu: kuitenga toni na neno, kupima utata, na kuuondoa. Lakini mpigaji hodari hakuwa lazima mvuvi hodari. Ujuzi wake ulikuwa mkubwa mahali pake.

4.0 Vipimo vya kisasa

Utafiti wa siku hizi unaelekea huko huko. Mwaka 2004 Glenn Schellenberg alitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 144 wenye umri wa miaka 6 nchini Kanada. Waliofundishwa kinanda au kuimba waliwazidi wenzao katika kipimo cha akili, lakini kwa pointi zisizofika 3. Mwaka 2020 Giovanni Sala na Fernand Gobet walizijumlisha tafiti 54 zilizohusu watoto karibu 7,000. Waligundua kuwa pale ambapo kundi la kulinganishia nalo lilipewa shughuli nyingine ya kujifunza, faida ya muziki ilitoweka.

5.0 Hitimisho

Anayeutetea muziki shuleni kwa kuahidi alama bora za hesabu amejenga juu ya mchanga. Ahadi ikishindwa, muziki utaondolewa pamoja nayo. Historia ya Maniema inatoa utetezi ulio imara zaidi: yapo maarifa ambayo hayakuhifadhiwa kwingine ila katika wimbo na ngoma. Methali ya Bwami iliyoandikwa bila lahani yake, bila hatua zake na bila kitu chake, imepotezwa nusu. Kazi ya kuzirekodi nzima, pamoja na toni zake, inawangoja wanafunzi wa lugha walioko Kindu, na Pangi iko jirani. Wazee wanaozijua hawaongezeki.